Pawa saplai za 12V, yale makasha ya bati yenye matundu: tuzifunge vizuri kabla hazijaunguza nyumba

#1 Fundi wa Dari

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni fundi wa kamera na taa za mabango, nipo Dar, huu ni mwaka wa kumi na moja kwenye kazi hii. Naleta uzi huu kwa sababu kazi yangu mwenyewe nusura iteketeze duka la mtu, na kwa sababu kila wiki nikipanda darini nakuta makosa yaleyale niliyoyafanya siku ile.

Ilikuwa hivi. Nilifunga kamera nane kwenye duka la nguo. Pawa saplai, yaani kasha linalogeuza umeme wa nyumba kuwa 12V, ilikuwa ya 12V 30A, kubwa kuliko mahitaji, na nilijisifu kwamba nimempa mteja kitu cha kudumu. Nyaya za kamera nilizikusanya zote nikazibana moja kwa moja kwenye skrubu za V+ na V-, zile za kutolea 12V, bila fyuzi hata moja. Miezi kadhaa baadaye mwenye duka ananipigia saa mbili usiku, anasema plastiki inanuka kuungua na haoni inatoka wapi. Nikamwambia chomoa kila kitu, nakuja. Nilipofungua dari nilikuta panya ametafuna waya wa kamera ya stoo, shaba nyekundu na nyeusi zimegusana, na kuanzia hapo kurudi hadi kwenye saplai plastiki ya waya yote imeyeyuka na kudondoka juu ya ubao wa jipsamu. Mbao za kenchi zilikuwa zimeshabadilika rangi.

Kilichonishtua zaidi ni rekodi. Kamera nyingine saba zilikuwa zinaonyesha picha safi muda wote huo. Moja yao imerekodi moshi ukitoka kwenye kona ya dari kwa zaidi ya dakika kumi. Saplai haikuzima, wala haikuona tatizo.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo sababu ya uzi huu. Waya mwembamba wa 0.5 mm² una ukinzani wa om 36 kwa kilomita. Umbali wa mita 10 ni mita 20 kwenda na kurudi, yaani om 0.72. Gawanya 12V kwa 0.72 unapata kama ampea 16.7. Kwa saplai ya ampea 30 huo ni mzigo wa kawaida kabisa, inautoa bila kulalamika. Lakini wati 200 zote zinageuka joto ndani ya waya mwembamba uliolala juu ya mbao. Ulinzi wa ndani ya saplai unailinda saplai yenyewe. Waya wako hauna wa kuulinda mpaka uuwekee fyuzi.

Watu wanasema "12V haina shida, haipigi". Ni kweli haikupigi. Inaunguza.

Sasa upande wa pili wa kasha hilohilo. Umeme wa 230V ukiingia unanyooshwa na diodi na kujazwa kwenye kapasita kubwa, kifaa kinachotunza chaji, na hapo unafika karibu 325V, maana hicho ndicho kilele cha wimbi la 230V. Kisha unakatwakatwa mara makumi elfu kwa sekunde na kupitishwa kwenye transfoma ndogo, ndipo utoke 12V. Kwa hiyo ndani ya bati moja una 325V inayoua upande mmoja na ampea nyingi zinazochoma upande mwingine, na skrubu zake zimepangwa mstari mmoja, L (moto), N (nyutro), ethi (waya wa ardhini), V-, V+, zikitenganishwa na vikuta vidogo vya plastiki. Kile kifuniko cha plastiki cha juu ya skrubu, wengi wetu tunakitupa pamoja na boksi. Kirudisheni.

Kabla hujachomeka chochote, angalia pembeni ya kasha kuna tundu lenye swichi ndogo nyekundu au njano imeandikwa 110/220. Zinakuja na swichi ikiwa upande wowote ule. Kwenye 110 sakiti inageuka kuwa ya kuzidisha volti mara mbili. Ndani kuna kapasita mbili za 200V zilizopangwa mfuatano. Ikiwa kwenye 220 zinagawana ile 325, kila moja inabeba kama 162. Ikiwa kwenye 110 na wewe ukaipa umeme wetu wa 230, kila moja inabebeshwa 325 peke yake. Inapasuka, na inapasuka usoni mwako maana umeinama unaitazama. Isogeze kwa bisibisi saplai ikiwa haina umeme kabisa.

Nitaendelea. Maswali yaleteni.

#2 Mama Wawili

Asante sana kaka kwa uzi. Mimi si fundi, nina duka la vifaa vya shule na nyumba ipo nyuma yake. Kamera zangu ni sita. Mchana zote zinaonyesha vizuri, ikifika saa moja jioni kamera ya getini inazima inawaka, inazima inawaka, mpaka asubuhi. Fundi amebadilisha kamera mara mbili tatizo ni lile lile. Anasema tununue saplai kubwa zaidi. Ni kweli?

#3 Fundi wa Dari

Dada, usinunue kwanza. Giza likiingia kamera inawasha taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, na hapo inakula umeme mara mbili au zaidi ya mchana. Kama waya wa kwenda getini ni mrefu na mwembamba, volti zinapotelea njiani. Kamera nyingi za 12V zinavumilia asilimia 10 tu, chini ya 10.8V zinaanza kujizima. Inajizima, mzigo unapungua, volti zinapanda, inawaka, taa zinawaka, inajizima tena. Ndicho unachokiona. Saplai kubwa haitabadilisha chochote maana tatizo liko kwenye waya.

Mwambie fundi apime volti palepale kwenye plagi ya kamera, kamera ikiwa inafanya kazi, mara moja mchana na mara moja usiku. Na uniambie geti liko mita ngapi kutoka kwenye saplai.

Na akitaka kuzungusha ile skrubu ndogo ya ADJ apandishe volti, mwambie asubiri. Ukipandisha ili kamera ya mbali ishibe, ya karibu ndiyo inayopokea ziada yote.

#4 Nyaya Tatu

Mkuu umenikumbusha jambo. Nikigusa bati la saplai yangu nahisi kama sisimizi wanatembea kwenye vidole. Plagi yake ina pini mbili. Hiyo ni mbovu?

#5 Fundi wa Dari

Si mbovu, haina ethi. Ndani kuna kapasita mbili ndogo, moja kutoka waya wa moto kwenda kwenye bati, nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye bati. Kazi yake ni kuzima kelele za umeme. Bati lisipokuwa na ethi linaelea katikati, karibu 115V, kwa mkondo mdogo sana. Huo ndio msisimko unaousikia. Ukiunganisha ethi unaisha hapohapo.

Ila usiuchukulie kama usumbufu tu. Unakuambia kwamba siku waya wa moto utakapolegea ndani na kugusa bati, hakuna njia ya umeme kwenda ardhini isipokuwa kupitia mtu. Weka plagi ya pini tatu, waya wa kijani na njano ubanwe kwenye skrubu yenye alama ya ethi. Na fyuzi iliyomo ndani ya plagi ibadilishe. Plagi zetu zinauzwa na fyuzi ya 13A, na saplai ya wati 360 inakula kama ampea 3 au 4 hivi upande wa 230V. Weka ya 5A.

#6 Mzee wa Meni Swichi

Vijana, mimi ni fundi umeme mstaafu, nimefunga nyumba tangu enzi za nyaya nyekundu na nyeusi. Naongeza mawili.

La kwanza ni ethi. Kuwa na tundu la tatu kwenye soketi si kuwa na ethi. Nimeona soketi nyingi tundu hilo halina waya nyuma, na nyingine waya upo lakini ile fimbo iliyopigwa chini ukutani nje imeliwa na kutu au ardhi imekauka kabisa. Pima kwa mita. Moto kwa nyutro utapata kama 230. Moto kwa ethi uwe karibu sawa na huo. Nyutro kwa ethi iwe volti chache tu. Ukipata moto kwa ethi ni 80 au 100 na inachezacheza, huna ethi hapo. Na kama kwenye bodi una breka ya kuvuja ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivujia ardhini, ibonyeze kitufe chake cha majaribio. Isipokata, haikulindi.

La pili ni rangi. Nyumba nyingi za zamani nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro, kwa utaratibu wa Waingereza ambao wao wenyewe waliuacha kuanzia mwaka 2004. Ninyi wa kamera nyekundu na nyeusi kwenu ni 12V. Darini zinakutana. Nilishaitwa mahali kijana amechukua nyekundu na nyeusi za nyumba akazibana kwenye V+ na V-, kila kifaa kilichokuwa mbele yake kikafa. Yeye alipona kwa sababu alikuwa ameshuka kwenye ngazi. Pima kwanza, rangi baadaye.

#7 Fundi wa Dari

Shikamoo mzee. Hilo la rangi limenigusa, nitaanza kuweka lebo kila waya ninaoupitisha darini.

#8 Kijana wa Ufundi

Wakuu mimi nipo mwaka wa pili VETA, natengeneza saplai zilizokufa za mtaani. Kapasita kubwa huwa naitoa chaji kwa kuigusisha bisibisi, inalia paa, basi. Na nyaya zenye nyuzi nyingi naziloweka risasi kwanza ndipo nabana kwenye skrubu ili zisitawanyike. Kuna ubaya?

#9 Fundi wa Dari

Mdogo wangu, la bisibisi acha leo. Ule mlio ni chuma kinachoyeyuka, cheche zinarukia macho, na miguu ya kapasita inaumia ndani bila kuonekana. Chukua risista ya kilo-om 2.2 ya wati 10, iungie nyaya mbili zenye plastiki nzuri, iguse kwenye ncha mbili za kapasita kwa sekunde kadhaa, halafu pima kwa mita. Kupima ndiko kunakokuambia kwamba imeisha.

Na ogopa zaidi saplai iliyokufa kuliko iliyo hai. Iliyo hai ukiizima inaendelea kula chaji yake kidogo kidogo hadi iishe. Iliyokufa, fyuzi imekatika na transista, ile swichi ya ndani inayokatakata umeme, imefunguka, haina kinachokula ile chaji. Inaweza kukaa nayo muda mrefu baada ya kuchomoa. Nilishapigwa na saplai iliyokuwa mezani tangu mlo wa mchana. Mkono mzima ulikufa ganzi na nilirudi nyuma hadi ukutani.

Ukimaliza kutengeneza usiichomeke moja kwa moja. Pitisha waya wa moto kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile ya kamba ya moto, si ya LED. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na saplai imeamka. Ikibaki inawaka kwa nguvu, bado kuna shoti, na balbu imekuokolea transista zako mpya. Jaribu bila mzigo au kwa mzigo mdogo tu, maana ukiiwekea mzigo mkubwa balbu itawaka hata kama saplai ni nzima.

La risasi namwachia mzee, mimi mwenyewe nilikuwa nafanya hivyohivyo.

#10 Mzee wa Meni Swichi

Mwanangu, risasi ni laini. Ukiibana kwa skrubu inakaza siku hiyo, kisha inajisogeza taratibu kwa mgandamizo na joto. Baada ya miezi skrubu imelegea wakati hakuna aliyeigusa. Palipolegea pana ukinzani, penye ukinzani pana joto, joto linalegeza zaidi. Ukiona skrubu moja ya V- imegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imepinda, ndiyo hadithi yake hiyo. Tumia vile vichwa vya shaba vya kubana kwa koleo lake. Huna, zisokote nyuzi vizuri, bana kavu, rudi baada ya wiki ukaze tena.

#11 Pwani Mabango

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni wa mabango ya taa, na huku kwetu adui ni hewa ya chumvi na jua. Ndugu yangu wa #1 hajagusia joto. Saplai hizi nyingi zinatoa uwezo wake kamili hadi nyuzi 40 au 50 tu, zaidi ya hapo uwezo unashuka, na karatasi yake huwa ina mchoro wa kuonyesha hivyo. Bango la bati lililofungwa, linatazama magharibi, saa tisa mchana, ndani hapashikiki. Unafunga saplai ya wati 200 na mzigo wa wati 190, halafu unashangaa saplai haijakaa miezi sita na imekufa.

Mimi napiga hivi: moduli 100 za taa za wati 1.5 ni wati 150. Nagawanya kwa 0.8, napata kama 188, nanunua ya 200. Bango likiwa juani nagawanya kwa 0.6, nanunua ya 250 na zaidi. Tena naifunga kwa kusimama ili hewa moto ipande, na naacha nafasi ya vidole vinne kila upande.

Na ile yenye matundu si ya nje, hata ukiificha ndani ya bango. Siku moja nilifungua iliyokufa nikamkuta mjusi amekauka, kichwa kwenye mguu wa kapasita na mkia kwenye bati. Nimeweka wavu laini wa mbu nyuma ya matundu ya bango, si juu ya matundu ya saplai yenyewe, maana hapo unaiziba pumzi. Kwa bango la nje kabisa nunua ile iliyojazwa gundi, isiyoingia maji. Haina feni, haina tundu, mjusi hana pa kupita.

#12 Nyaya Tatu

Na je, naweza kuunganisha betri ya gari kwenye V+ na V- ili umeme wa TANESCO ukikatika kamera ziendelee?

#13 Fundi wa Dari

Usifanye hivyo na saplai ya kawaida. Betri ya asidi iliyoshuka itavuta ampea zote ambazo saplai inaweza kutoa, na saplai haijui kwamba inachaji. Itajizima na kujiwasha mfululizo au itakufa kwa joto. Na kwa 12V kamili betri haitajaa kamwe, inataka kama 13.5 hadi 13.8V ya kukaa nayo. Zipo saplai zilizotengenezwa kwa ajili ya betri, zina skrubu za ziada za BAT+ na BAT-, zinazuia mkondo wa kuchaji na zinabadilisha zenyewe umeme ukikatika. Nunua hiyo, na weka fyuzi karibu kabisa na betri. Betri ya gari ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea, ile hesabu yangu ya wati 200 ni ndogo sana mbele yake.

Kuhusu umeme kukatika na kurudi: saplai ikiwaka inavuta ghafla ampea 40 hadi 60 kwa muda mfupi sana kujaza kapasita. Ndani kuna kipande kinachozuia hilo kikiwa cha baridi. Umeme ukikatika na kurudi ndani ya sekunde mbili, kipande bado cha moto, hakizuii kitu. Ndiyo maana nyingi zinakufa siku za umeme wa kurukaruka. Friji gadi yenye kuchelewesha dakika chache inazisaidia sana, si friji peke yake.

Kwa fyuzi za kila kamera, maboksi ya saplai ya njia nne, nane au tisa yapo Kariakoo, kila njia ina fyuzi yake ndogo inayojirudisha yenyewe. Asiye nalo aweke vishika fyuzi vya gari, fyuzi ya 1A au 2A kwa kila waya, mwanzo wa waya karibu na saplai. Ukiiweka mwisho karibu na kamera, waya wote wa darini unabaki bila mlinzi. Lile duka la nguo nililirudia, nikabadilisha waya wote kwa gharama yangu na kuweka fyuzi nane.

#14 Mama Wawili

Kaka fundi amepima. Mchana kwenye kamera ya geti ni 11.3. Usiku 10.4. Umbali tumehesabu mita 45.

#15 Fundi wa Dari

Dada hapo kila kitu kiko wazi. Mita 45 ni 90 kwenda na kurudi, kwa waya wa 0.5 ni om 3.24. Kamera ikila nusu ampea usiku unapoteza 1.62V. Kumi na mbili toa hiyo ni 10.38, ndiyo 10.4 yako. Kamera zako zote mbili alizozitoa zilikuwa nzima, usizitupe.

Mwambie avute waya wa 1.5 mm² kwa kamera ya geti peke yake, fyuzi ya 1A mwanzoni. ADJ asiiguse. Na wakati yuko hapo afungue dari aangalie kama kuna alama za meno ya panya kwenye nyaya nyingine tano.

#16 Mama Wawili

Amevuta waya mpya jana. Usiku nimesimama naye getini na mita, inasoma 11.4 na picha haijakatika mpaka asubuhi. Darini amekuta nyaya mbili zimetafunwa upande mmoja, shaba ilikuwa bado haijaguswa. Leo anarudi kuweka fyuzi kwa zote.